Spesa za magurudumu: Pikapu inapanuka, beringi zinaumia

UKIPITA katika gereji nyingi za mjini utaona pikapu ambazo magurudumu yake yamechomoza nje ya madigadi kwa vidole viwili vitatu. Mara nyingi siri yake ni spesa, yaani kipande kinene cha chuma au aluminiamu kinachofungwa kati ya haabu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje.

Kwa kijana wa mjini hilo ni pambo. Kwa mfanyabiashara anayepakia nyanya Ilula na kuteremka Kitonga kuelekea Dar es Salaam, hilo ni suala la mtaji na uhai wake.

Wauzaji husema gari litatulia kwenye kona. Hawasemi uongo. Spesa ya milimita 30 kila upande huongeza upana wa magurudumu kwa milimita 60, na gari pana haliegemei sana gurudumu la nje linapokata kona. Lakini kwa pikapu yenye upana wa milimita 1,500, nyongeza hiyo ni asilimia 4 tu. Kama kitovu cha uzito kilikuwa sentimita 75 kutoka ardhini, tenga za juu zikikipandisha kwa sentimita 3, faida yote imekwisha!

Hasara huanzia mbele. Gurudumu la mbele la pikapu nyingi hushikwa na mkono wa chuma, na springi hukaa katikati ya mkono huo. Gurudumu likisogezwa nje, ni sawa na kurefusha mpini wa mtaimbo: uzito uleule unaigandamiza springi kwa nguvu zaidi. Hapo springi hufanya kazi kana kwamba imelegea kiasi. Gari hushuka pua, huyumba, na shokomzoba huchoka mapema.

Nyuma, kwenye ekseli nzima na springi za majani, ulegevu huo haupo. Huko kinachoumia ni ekseli yenyewe, kwani inapindwa zaidi, pamoja na beringi.

Usukani nao haubaki salama. Tairi linapogusa barabara mbali zaidi na mhimili wake wa kukatia kona, kila shimo linavuta usukani mikononi. Breki ya upande mmoja ikishika kuliko ya mwenzake, gari linavutwa upande huo, na kwenye mteremko wenye mzigo dereva hana muda wa kujiuliza kulikoni.

Mkulima anaweza kuuliza: mbona trekta hupanuliwa? Ni kweli, magurudumu ya trekta nyingi hurekebishwa, kwa mfano yafike sentimita 150 ili yapite pembeni mwa mistari miwili ya mahindi iliyoachana sentimita 75. Lakini ekseli ya trekta imeundwa kwa kazi hiyo, tena mwendo wake ni wa pole.

Anayelazimika kufunga spesa, labda kwa kuwa tairi linakwaruza ndani, achague nyembamba iwezekanavyo, inayokaa barabara kwenye kitovu cha haabu. Zile za kupachika tu hula urefu wa bolti. Kwa bolti za milimita 12 zenye hatua ya 1.5, kama za Toyota Hilux, nati izunguke angalau mara 8 kabla ya kukaza. Zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kubadili rimu ili kukwepa spesa hakusaidii kama rimu hiyo nayo inatoa gurudumu nje kwa kiasi kilekile, maana beringi haijui kilichoisukuma.

Na unaponunua pikapu iliyotumika, fungua gurudumu moja kabla ya kulipa. Ukikuta safu ya pili ya nati nyuma ya rimu, ujue gari limetembea na spesa. Inua jeki, litikise gurudumu juu na chini, ulizungushe na kusikiliza. Likicheza au likinguruma, bei ya beringi mpya itolewe kwenye bei ya gari.