Alipona TB, kikohozi kikarudi na kuvu kifuani

Jamaa wa mlango wa pili hapa plotini alimaliza dawa za TB, miezi sita, hakuruka hata siku moja. Mwaka hivi ukapita, kikohozi kikarudi. Akakonda. Asubuhi moja akakohoa damu kwenye sinki tunayotumia sote. Unajua ploti zetu: kabla hajafika kliniki, majirani walishampa ugonjwa. "Huyo ako na ile kitu."

Alipimwa virusi vya Ukimwi mara mbili. Hana. Makohozi yakapimwa TB, hakuna. Bado akarudishiwa dawa za TB, eti tujaribu tu.

Ni daktari mwingine aliyeitazama eksirei kwa makini. TB hata ikipona inaweza kuacha mashimo kwenye mapafu, na ndani ya shimo moja la jamaa mlikuwa na kitu mviringo kama mpira mdogo. Kuvu! Inaitwa aspajilasi, ya ukoo mmoja na ile inayoleta sumukuvu kwenye mahindi. Mbegu zake zimejaa hewani. Mimi na wewe tunazivuta kila siku, mwili unazimaliza. Zikipata shimo la kujibanza, zinaota.

Mimi nilidhani kuvu ya ndani ya mwili ni shida ya wenye virusi pekee. Kumbe wamo wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa figo, na wanaomeza steroidi kwa muda mrefu (hata zile za kununua kemisti kimyakimya). India mwaka 2021, maelfu ya wagonjwa wa Covid-19 walivamiwa na "kuvu nyeusi", wengine wakatolewa jicho. Wengi wao walikuwa na kisukari na walikuwa wamepewa steroidi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, na aina moja ya aspajilasi iko kundi la juu kabisa.

Shida ni kwamba kukohoa, kukonda na kutema damu ni dalili za TB pia. Na dawa ya kuvu, itrakonazo, hupunguzwa nguvu na rifampisini, mojawapo ya dawa za TB. Kwa hivyo hiyo "tujaribu tu" si mchezo. Ukimaliza dawa za TB na kifua kirudie, ulizia kuvu.

Jamaa yuko mwezi wa nne wa tembe, damu imekoma. Juzi nilimpata akiosha vyombo kwa sinki. Mama wa mlango wa tano alikuwa amesimama kando na ndoo yake, akingoja amalize.