Miss Havisham: Aliachwa kwenye mataa siku ya harusi, deni likalipwa na watoto

Saa zote nyumbani kwake zimesimama. Zinaonyesha saa tatu kasoro dakika ishirini, muda ule ule alioletewa barua ya kumwambia kwamba bwana harusi haji. Alikuwa bado anavaa. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mezani, na hivyo ndivyo alivyobaki miaka nenda miaka rudi. Gauni lililokuwa jeupe limegeuka manjano. Madirisha yamezibwa jua lisiingie. Keki ya harusi imeozea mezani, imefunikwa na utando, na buibui wanaingia na kutoka humo kama wenye nyumba.

Huyo ni Miss Havisham wa Great Expectations, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens. Ilitoka kwa vipande katika jarida lake, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, na watu wakaisubiri kila wiki jinsi unavyosubiri tamthilia yako kwenye runinga. Tangu hapo mama huyu ameigizwa na wengi: Martita Hunt katika filamu ya 1946, Gillian Anderson kwenye BBC mnamo 2011, Helena Bonham Carter 2012, Olivia Colman 2023. Shida ni kwamba ukimjua kupitia picha tu, utadhani kazi yake ni kutisha watu na lile gauni. Kitabuni ana kazi nzito kuliko hiyo.

Kwanza, hakuachwa hivi hivi. Alitapeliwa. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha pombe, na alipofariki, binti akapata fungu kubwa kuliko Arthur, kakake wa kambo, kijana wa anasa na madeni. Mara akatokea jamaa anayeitwa Compeyson, mtanashati, mdomo mtamu. Miss Havisham akazama kwenye penzi mzima mzima. Compeyson akamshawishi anunue hisa za Arthur kiwandani kwa bei ya juu ajabu, eti kwa sababu yeye akishakuwa mume ndiye atakayesimamia kila kitu. Binamu mmoja, Matthew Pocket, alimwonya. Alifukuzwa nyumbani. Kumbe Arthur na Compeyson walikuwa kitu kimoja.

Usimcheke kwamba alikuwa mjinga. Uingereza ya wakati huo, mali ya mwanamke aliyeolewa iliingia mikononi mwa mumewe. Sheria iliyowapa wake haki ya kumiliki mali yao wenyewe ilipitishwa mwaka wa 1882, Dickens akiwa ameshafariki. Kwa hivyo maneno ya Compeyson hayakusikika kama utapeli, yalisikika kama mambo ya kawaida ya ndoa. Na baadaye, aliposhtakiwa pamoja na mhalifu mwenzake Magwitch, Compeyson alipewa miaka saba, Magwitch kumi na minne, ingawa Compeyson ndiye aliyekuwa kichwa cha mpango. Sababu? Mmoja alisimama kortini akiwa amevaa vizuri na kuzungumza kama msomi. Tusijifanye tunashangaa.

Uchungu wake basi una msingi. Lakini angalia pia kwamba alikuwa na hela za kuuchungia uchungu huo kama mbuzi. Mwanamke maskini akiachwa Jumamosi, Jumatatu yuko kazini. Hana nafasi ya kusimamisha saa. Miss Havisham aliweza kuacha kiwanda kife, akajifungia ndani ya Satis House, na bado chakula kikapatikana. Jina lenyewe la nyumba ni kejeli: satis ni neno la Kilatini, maana yake inatosha.

Kama angeishia hapo, angekuwa mama wa kuhurumiwa tu. Akamtaka mtoto.

Wakili wake, Jaggers, alimletea msichana wa miaka miwili au mitatu, akaitwa Estella. Dickens hakuandika kwamba mama huyu alipanga ubaya tangu siku ya kwanza. Mwanzo alitaka tu kumwepusha mtoto na masaibu yaliyompata yeye. Ila Estella alivyozidi kuwa mrembo, nia ikageuka pole pole. Akamvisha vito, akamsifu, akamfunza kwamba moyo wa mwanamume ni kitu cha kuvunjwa. Sote tumesikia mzazi aliyeumizwa akimwambia bintiye kwamba wanaume wote ni mbwa. Miss Havisham aliligeuza neno hilo kuwa mtaala mzima.

Mtaala unahitaji mazoezi, na hapo ndipo anapoletwa Pip, yatima anayelelewa na dadake na shemejiye Joe, fundi wa kufua vyuma. Anaambiwa acheze karata na Estella. Msichana anamcheka: mikono yake migumu, viatu vyake vizito, hata namna anavyoyaita majina ya karata. Mama ameketi pembeni anatazama, anafurahi. Hadi siku hiyo Pip hakuwa amewahi kuiona mikono yake kuwa tatizo. Anarudi nyumbani akiona aibu, na aibu ile baadaye inamwangukia Joe, mtu aliyempenda kuliko wote.

Pip anapopata pesa za ghafla kutoka kwa mfadhili asiyejulikana, anaamini ni Miss Havisham anayemwandaa amwoe Estella. Mama anajua si kweli. Hajawahi kutamka kwamba ni yeye, lakini anamwacha kijana aamini hivyo, sanasana kwa sababu inawakera jamaa zake wanaosubiri urithi. Mfadhili ni Magwitch, yule yule mfungwa. Na Magwitch, bila yeye mwenyewe kujua, ndiye baba mzazi wa Estella.

Kwangu mimi, kilele cha riwaya ni siku mama anapomlalamikia Estella kwamba hana upendo kwake. Estella hapandishi sauti. Anamjibu kwamba yeye ni vile alivyofinyangwa, na kwamba atarudisha chochote alichopewa, ila hawezi kurudisha asichopewa kamwe. Mama anabaki akigaagaa sakafuni kati ya mabaki ya harusi yake. Alitaka moyo wa barafu kwa ajili ya wanaume, akasahau kwamba naye angeishi karibu na barafu hiyo.

Estella anaolewa na Bentley Drummle, mtu katili anayemtesa. Pip anavunjika moyo mbele ya Miss Havisham, na kwa mara ya kwanza mama anajiona: uso wa kijana ndio uso wake wa siku ile ya barua. Anapiga magoti, analia, anaomba msamaha. Anatoa pauni 900 kumsaidia Herbert, rafiki wa Pip, mwana wa yule Matthew aliyefukuzwa. Pip anamsamehe. Muda mfupi baadaye cheche za moto zinalishika gauni la harusi. Pip anamfunika kwa koti lake, anavuta na kitambaa cha meza pamoja na uozo wote uliokuwa juu yake, mikono yake inaungua. Zamani Miss Havisham alikuwa amesema kwamba akifa alazwe kwenye meza ile ya keki. Daktari anaagiza kitanda chake kiwekwe papo hapo mezani ili majeraha yatibiwe.

Anafariki baadaye. Wosia wake unampa Matthew Pocket pauni 4,000.

Dickens alikuwa ameandika mwisho ambapo Pip na Estella wanaachana kabisa. Rafiki yake, mwandishi Bulwer-Lytton, akamshauri aubadilishe. Katika ule uliochapishwa, wawili hao wanakutana jioni yenye ukungu mahali ilipokuwa Satis House. Nyumba imebomolewa, kiwanda hakipo, umebaki ukuta wa bustani tu. Wanatoka pale wameshikana mikono, na kama walibaki pamoja au la, wasomaji wangali wanabishana.