Poinsetia: Biashara inayofungwa na urefu wa usiku

Ni mimea michache ya mapambo inayobanwa na kalenda kama poinsetia, kichaka cha bustani chenye asili ya Mexico. Sehemu kubwa ya mwaka majani yake huwa ya kijani. Ifikapo Krismasi, majani ya juu hugeuka mekundu, na rangi hiyo ndiyo anayoilipia mnunuzi wa Marekani na Ulaya. Baada ya Desemba 25 bidhaa hiyo hukosa mnunuzi.

Wengi hudhani wekundu huo ni ua. Maua yenyewe ni vitone vya manjano vilivyo katikati.

Majani hayageuzwi na baridi bali na giza. Mmea unahitaji usiku wenye urefu wa saa 12 au zaidi, mfululizo, kwa wiki 8 hadi 10 hivi. Taa ya jirani ikimulika kitalu usiku, rangi huchelewa na soko hupotea. Kusini mwa Ikweta, kama huko Brisbane, Australia, kichaka hiki huwa chekundu katikati ya mwaka. Mkulima wa huko anayelenga Krismasi hulazimika kufunika miche kwa kitambaa cheusi, na hiyo ni gharama ya ziada.

Siri iliyovuja

Kwa miongo mingi soko la Marekani lilitawaliwa na familia ya Ecke wa Encinitas, California. Mche wao ulitoa matawi mengi na kujaza chungu, wakati wa wapinzani ulirefuka kwa shina moja. Siri ilikuwa kuunganisha aina mbili za mmea. Mapema miaka ya 1990, mtafiti wa chuo kikuu alichapisha mbinu hiyo. Mwaka 1997 wanasayansi walithibitisha kuwa matawi hayo husababishwa na fitoplazma, kijidudu kinachohama kutoka mmea mmoja hadi mwingine kwa njia ya kuunganisha. Washindani waliingia sokoni, bei zikabanwa, na mwaka 2012 familia hiyo iliuza kampuni yake.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Kwa sasa Kenya, Uganda na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zinazokuza vipandikizi vya poinsetia na kuvisafirisha kwa ndege hadi Ulaya, ambako hukuzwa kwenye vyungu. Joto na mwanga wa mwaka mzima ni faida. Hata hivyo, karibu na Ikweta usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo mimea mama huwashiwa taa usiku ili isigeuke mekundu kabla ya kukatwa. Umeme ukikatika, hasara huanzia hapo.

Kwa mwekezaji mdogo, hesabu ya kwanza ni ya muda. Mkulima wa Ulaya hupanda vipandikizi kati ya Julai na Agosti, miezi kadhaa kabla ya kujua wateja wa Desemba watakuwa wangapi. Mche uliochelewa wiki mbili hauwezi kuwekwa stoo kusubiri bei nzuri. Aidha, aina nyingi mpya zinalindwa na haki za wagunduzi, na kuzizalisha bila leseni ni kosa.

Anayetaka kuingia katika biashara hii na atafute mnunuzi kabla ya kununua mbegu mama. Rangi ikishatoka, nafasi ya kujadiliana bei ni ndogo mno.