Sikiliza Kijineno, Si Kitenzi

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliandika katika insha ya Kiingereza kwamba mwalimu mkuu akistaafu, msaidizi wake "will overtake him". Alitaka kusema atashika nafasi yake, yaani "take over". Wenzake waliangua kicheko, maana kila mmoja alimwona msaidizi akimuovateki mkuu wake kama basi linavyoovateki lori mlimani. Lakini kijana yule hakubahatisha. Alikuwa na maneno yaleyale mawili, akayapanga kinyume, na Kiingereza kikamgeuzia maana.

"Take" yenyewe ni neno la kuja. Waingereza wa kale walipotaka kusema kuchukua walisema "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani. Wavikingi walipovamia nchi ile na kulowea huko kuanzia karne ya 9, walikuja na neno lao, na baada ya karne kadhaa "niman" ikatoweka. Imeacha masalia machache, mojawapo ni "numb", ganzi: kiungo kilichokufa ganzi kwao ni kiungo kilichochukuliwa.

Enzi hizo kijineno cha mwelekeo mara nyingi kilitangulia kitenzi na kuganda nacho, kama tunavyoona hadi leo katika "understand" na "withstand". Taratibu vijineno hivyo vikahamia nyuma ya kitenzi, vikasimama peke yake. "Overtake" imeundwa kwa mtindo wa zamani, "take over" kwa mtindo uliofuata, na zote mbili zinaishi. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba vitenzi hivi vya maneno mawili ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine, akajitahidi kuviorodhesha kwa uangalifu. Tumekuwa tukiviorodhesha tangu hapo, na hapo ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi vya shule.

Vitabu hupanga orodha kwa kitenzi: "take in", "take off", "take on", "take up", na mbele ya kila kimoja maana nne au tano za kukariri. Mwanafunzi anabaki akikitazama kitenzi, ilhali kitenzi hakimwambii kitu. Mzigo umebebwa na kijineno. Chukua "take in". Unaweza kumpokea mgeni nyumbani, fundi anaweza kupunguza gauni lililopwaya, msikilizaji anaweza kuelewa anachoambiwa, na tapeli anaweza kumlaghai mtu. Ukikariri, hizo ni maana nne zisizojuana. Ukiisikiliza "in", utaona kila mahali kuna kitu kinachoingizwa ndani: mgeni ndani ya nyumba, kitambaa ndani ya mshono, maneno ndani ya akili, na mtu ndani ya mtego.

Na sisi tunacho kijineno cha namna hiyo, ila hatujakizingatia. Tunasema kufutilia mbali, kukatilia mbali, kupotelea mbali. Aliyefutilia mbali deni hajalipeleka safari. "Mbali" hapo imeacha kupima umbali, inasema kitu kimekwisha kabisa. Hivyo ndivyo "off" inavyofanya kazi katika "finish off", na "up" katika "use up" na "eat up": mwelekeo uligeuka kuwa ukamilifu. Tofauti ni kwamba Kiswahili hutumia njia hii kwa nadra. Kazi kubwa tunaifanyia mwishoni mwa neno lenyewe: chukua, chukulia, chukuliana. Anayejua kwamba kuchukuliana ni kuvumiliana, wala si kubebana, ameshavuka daraja hili katika lugha yake mwenyewe.

Kanuni moja ya mpangilio inafaa kushikwa mapema. Viatu unaweza kuvivua kwa "take off your shoes" au "take your shoes off", lakini ukishasema "them" badala ya viatu, kijineno lazima kibaki nyuma: "take them off". Vingine havikubali kutenganishwa kabisa, kama "take after", kumfuata mzazi kwa sura au tabia. Na vingine vimesahau asili yao; "put up with", kuvumilia, ni cha kukariri tu.

Wapo wanaovikwepa vitenzi hivi na kushika vile vya asili ya Kilatini, "remove" badala ya "take off", "tolerate" badala ya "put up with". Ni Kiingereza sahihi, ila kinanuka karatasi. Muuguzi wa London anayemhudumia mgonjwa, au mama anayemharakisha mtoto kuoga, atasema "take off", na aliyejifunza kwa barua za ofisini atajikuta haelewi maneno mepesi kuliko yote.

Siku hizi naandika "off" peke yake katikati ya ubao na kuwaomba wanafunzi wailetee vitenzi. Zinakuja "take off", "get off", "wipe off", "switch off". Muhula uliopita binti mmoja aliongeza "call off", kufuta au kuvunja shughuli, kisha akakaa kimya akiitazama. "Mwalimu," akasema, "kumbe mkutano wameuita uondoke."