Simu Yamsomea Asiyeona Barua Yake

Barua ni siri ya watu wawili: mwandishi na mwandikiwa. Kwa asiyeona, siri hiyo kwa miaka mingi imekuwa na mtu wa tatu, yaani yule aombwaye kuisoma. Louis Braille, Mfaransa, alibuni mfumo wa nukta nundu mwaka 1824, lakini barua nyingi za benki na hospitali bado hupigwa chapa ya kawaida. Mwaka 1976 Ray Kurzweil wa Marekani alionyesha hadharani mashine iliyoweza kuisoma chapa hiyo kwa sauti. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na simu ya mkononi.

Nchini Marekani zipo huduma zinazompokelea mteja barua zake kwa idhini yake ya maandishi. Bahasha hupigwa picha, na picha huonekana katika programu iliyomo simuni mwake. Mteja huamua: bahasha ifunguliwe na barua ipigwe picha, au apelekewe yenyewe, au ichanwe vipande vipande. Kwa asiyeona huduma hiyo yaweza kuwa neema kubwa, ila hutegemea jinsi programu ilivyotengenezwa.

Visoma-skrini vya simu, VoiceOver ya iPhone na TalkBack ya Android, vilitolewa mwaka 2009. Havitazami kioo kama jicho litazamavyo. Huuliza mfumo wa simu kila kitu kiooni kinaitwaje, ni cha aina gani na kiko katika hali gani; kisha majibu hugeuzwa kuwa sauti. Mtumiaji hutelezesha kidole kutoka kitu hadi kitu, na akisikia akitakacho hugonga mara mbili.

Hapo ndipo penye hatari. Mtengenezaji akichora alama ya kuchana bila kuipa jina, kisoma-skrini huweza kutamka "kitufe" tu. Alama ya kufungua nayo ikikosa jina hutamkwa vivyo hivyo. Basi asiyeona aweza kuagiza barua ichanwe akidhani ameagiza ifunguliwe. Dawa yake ni kukipa kila kitufe jina, na kumwuliza mteja mara ya pili kabla ya tendo lisiloweza kutanguliwa.

Tatizo jingine ni picha yenyewe. Ukurasa wa A4 ukipigwa picha kwa nukta 300 katika kila inchi, hupatikana nukta zipatazo milioni 8.7. Humo hamna herufi hata moja, bali rangi tupu. Sharti kompyuta itenge mistari na maneno, kisha ikadirie kila umbo ni herufi gani. Makadirio hukosea: nukta ya desimali ikipotea, deni la dola 45.00 husomwa 4500. Kwa hiyo programu njema humwezesha mtumiaji kusikiliza tarakimu moja moja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, hulinda faragha ya mawasiliano katika kifungu cha 22. Jina la kitufe, dogo kama lilivyo, ni sehemu ya ulinzi huo.

Jaribio kwa wanafunzi: washeni kisoma-skrini katika mipangilio ya simu, fumbeni macho, kisha jaribuni kufungua ujumbe mmoja. Andikeni kila kitu kilichotamkwa bila jina, na mpendekeze jina lake.