Joto Litokalo Chini ya Jamvi

Mafundi ujenzi wa Tanzania wakishainua msingi, wakajaza kifusi na kukishindilia, husema kazi iliyobaki ni "kumwaga jamvi". Jamvi hilo ni zege la sakafu. Neno ni lile lile la mkeka mpana unaotandikwa msibani na harusini, watu wakavua viatu na kuketi. Fundi halisemi kwa kutafuta ufasaha. Kwake sakafu ni kitu cha kukaliwa.

Ukilibeba neno hilo hadi ufuko wa Ziwa Mweru, linaanza kuuma. Wilayani Nchelenge, upande wa Zambia, kuna makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Yalifunguliwa Januari 2018, baada ya maelfu ya Wakongo kuvuka mpaka wakikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi walipitia kwanza kwenye mahema ya kituo cha Kenani. Kwa wengi wao Kiswahili ndicho walichovuka nacho. Nyumba walizojijengea ni za matofali ya udongo, na sakafu nyingi ni udongo uleule, umelowanishwa, ukapondwa, ukasawazishwa kwa kiganja cha mkono. Hapo ndipo mtoto anapotambaa, unga unapomwagika na mkeka wa kulalia unapotandikwa. Masika yakikolea, mkeka ukiinuliwa asubuhi huwa umelowa upande wa chini. Wala paa halikuvuja. Maji yamepanda yenyewe kutoka ardhini, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Utambi huo huo, kwenye nchi za baridi, huinua nyumba nzima.

Wakongo waliokimbilia nchi jirani wamehamishiwa kwa wingi Marekani, na wengine Kanada na Skandinavia. Anayefikia Minnesota akapata kibarua cha ujenzi hukuta jambo la ajabu: sheria ya jimbo inataka msingi ushuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini, yaani mita moja na nusu, hata kama ni wa nyumba ndogo ya ghorofa moja. Sababu si uzito wa nyumba, ni barafu. Udongo laini hufyonza maji kutoka chini, na baridi ikishuka kutoka juu maji hayo huganda tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka huendelea kuvuta maji mengine. Ardhi huvimba, ukuta huinuka, na barafu hiyo ikiyeyuka ukuta huo huo hudidimia. Basi wazee wa ujenzi wakaamua kuchimba hadi kina ambacho baridi haifiki.

Aliyekataa kuchimba hivyo, na akaeleza kwa nini, alikuwa msanifu majengo Mmarekani, Frank Lloyd Wright. Kwa maelezo ya Wright mwenyewe, siri ya msingi hakuipata chuoni. Alifunzwa na fundi mzee wa mawe, mtu wa asili ya Wales: chimba mtaro wa kina kifupi, ujaze mawe yaliyovunjwavunjwa, uupe njia ya kutolea maji, kisha jenga juu yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kinachoinua nyumba ni maji yaliyoganda. Pasipo na maji hakuna cha kuganda. Mawe makubwa yenye nafasi katikati hayafyonzi maji. Utambi umekatwa.

Ya sakafu aliyapata Tokyo, na hadithi hiyo aliisimulia hadi uzeeni. Ilikuwa miaka ya 1910, akiwa kwenye shughuli za Hoteli ya Imperial. Usiku mmoja wa baridi kali alialikwa chakula nyumbani kwa tajiri Baron Okura. Chumba cha kulia kilikuwa cha baridi, na wageni walikula wakitetemeka. Baada ya chakula wakaongozwa hadi chumba kingine kunywa kahawa, chumba alichokiita cha Kikorea. Hakikuwa na jiko wala bomba la joto ukutani. Wakapiga magoti na kuketi sakafuni, na baada ya dakika chache Wright aliona kana kwamba majira yamebadilika: kipupwe kimeondoka, hewa ni ya nchi nyingine. Akaelezwa kuwa moto huwashwa nje ya chumba, na moshi wake hupitishwa kwenye njia zilizojengwa chini ya sakafu kabla ya kutoka kwenye dohani.

Wakorea huiita sakafu hiyo ondol. Juu ya njia za moshi hulazwa mawe bapa, juu ya mawe hupakwa udongo, na juu ya udongo hubandikwa karatasi iliyotiwa mafuta. Udongo na mafuta! Ni ufundi wa watu wanaokula chini, wanaolala chini na kuzungumza chini. Wright alitoka kwenye taifa la viti. Ilibidi kwanza aketi sakafuni ndipo aelewe.

Chumba hicho chenyewe hakikuwa kwao. Watafiti wamekihusisha na Jaseondang, jengo la mrithi wa ufalme katika kasri la Gyeongbokgung mjini Seoul. Wakati huo Korea ilikuwa koloni la Japani. Jengo lilibomolewa, likahamishiwa kwa Okura, na mwaka 1923 likateketea katika tetemeko kubwa la Kanto. Kilichosalia ni mawe ya msingi. Yalirudishwa Korea mwaka 1995, yakiwa yameharibiwa na moto kiasi kwamba jengo lilipojengwa upya kasrini hayakuweza kubeba tena kuta. Mtu anayeisoma habari hii akiwa na Mantapala akilini hawezi kuipita haraka.

Wright aliporudi kwao alibeba wazo hilo kwa miaka mingi kabla ya kulijenga. Mwaka 1937, katika mji wa Madison, Wisconsin, alimkamilishia mwandishi wa habari kijana, Herbert Jacobs, nyumba ya dola 5,500. Haikuwa na chumba kamili cha chini kilichozoeleka kwa nyumba za kule. Alitandaza kokoto na mchanga, akalaza mabomba ya chuma ya kupitisha joto, akamwaga zege juu. Katika maandishi yake zege hilo aliliita mkeka. Mtu wa Wisconsin, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, alifikia neno lile lile la mafundi wetu! Tangu 2019 nyumba hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Waliomfuata waliongeza ujuzi. Chuma kimepisha mabomba ya plastiki ngumu yanayozungushwa ndani ya zege, na maji yake hayahitaji kuchemka. Nyuzi 30 hadi 40 hutosha, na uso wa sakafu hauzidishwi nyuzi 29 hivi, miguu isiudhike. Chini ya zege na kandokando ya msingi huwekwa mbao za povu la plastiki, lile jepesi la kufungia televisheni ila gumu zaidi, na pembeni hulazwa kama mbawa chini ya udongo. Joto la nyumba na la ardhi yenyewe hubaki chini ya nyumba, udongo haugandi, na msingi wa sentimita 40 hufanya kazi ya ule wa mita moja na nusu. Nchi za Nordiki, Norwe na Uswidi zikiwamo, zimejenga hivi tangu miaka ya 1950, na nyumba zao zimepita milioni. Afrika Mashariki mabomba ya maji moto yamepasha waridi: huko Naivasha, shamba la Oserian lilitumia joto la ardhi kupasha vitalu vya maua usiku.

Mweru haina theluji. Ziwa liko mita 917 juu ya usawa wa bahari, na Oktoba mtu hutafuta sakafu baridi ili apumzike. Hakuna wa kuwauzia watu wa Nchelenge mabomba ya joto. Fundisho la yule fundi wa Wales, hata hivyo, linawahusu moja kwa moja. Nyumba ya ufukweni haihitaji msingi wa kina, inahitaji kukatiwa utambi: tabaka la mawe au kokoto kubwa badala ya kifusi laini, karatasi ya nailoni juu yake, sakafu iliyoinuliwa kuliko uwanja, na mtaro wa kuyaondoa maji ya paa kabla hayajarudi chini ya ukuta.

Faida yake si ya starehe. Meksiko ilipowawekea maskini sakafu za saruji kupitia mpango wa Piso Firme, uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha maambukizi ya minyoo na vimelea vya tumboni kwa watoto yalipungua kwa karibu asilimia 78. Na saruji si njia pekee. Rwanda na Uganda, shirika la EarthEnable hutengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kuzibwa kwa mafuta ya kitani. Wakorea wangeitambua kazi hiyo mara moja.

Linabaki swali ambalo mafundi hawawezi kulijibu. Mkimbizi anayengoja kurudi Pweto, upande wa Kongo, au kuitwa kwenda Minnesota, amwage jamvi kwenye ardhi isiyo yake? Akimwaga, je, amekubali kwamba harudi? Na mfadhili anayehesabu msaada kwa miezi, atakubali lini kununua kokoto?

Mtoto anayetambaa Mantapala hangoji majibu hayo. Wanaogawa maturubai Nchelenge wagawe na nailoni ya sakafuni, wapeleke lori la mawe kabla ya Novemba, mvua zinapoanza.