Maji ya Moto Yaliyoacha Dhahabu

Juma hili tuiache siasa kidogo, tuzungumze habari ya kuoga. Sisemi ndoo mbili za kujimwagia uani. Nasema kushinda kutwa ndani ya chemchemi, bila haraka.

Mkazi wa Shinyanga au Geita akitaka starehe hiyo hulazimika kupanda basi, na sababu iko ardhini. Miamba yetu ni mizee mno, imepita miaka bilioni 2.5, imekwisha tulia. Chemchemi ya moto hutaka ufa: maji ya mvua huzama mbali, hupashwa na joto la chini, kisha hupanda tena. Nyufa za namna hiyo zimejaa Bonde la Ufa. Ndiyo maana Manyara wana Maji Moto yao, na kule Songwe maji hutoka ya kuunguza.

Hata hivyo, zamani za kale maji ya moto yalipita kwetu pia. Dhahabu ya Geita na ya Bulyanhulu ililetwa nayo. Yalipenya mianya ya miamba, kilomita kadhaa chini, yakiwa yamebeba dhahabu iliyoyeyuka ndani yake; yalipofika penye miamba yenye chuma, yakaiacha hapo. Mchimbaji anayefuata mshipa wa jiwe jeupe ndani ya duara, mara nyingi anafuata njia ya maji yaliyokwisha kupoa.

Mimi nilipopata mapumziko nilipitia Singida na Babati hadi Kikuletwa, wilaya ya Hai, ambako wengi hupaita Chemka. Jina lisikudanganye: maji yanabubujika, hayachemki, ni vuguvugu tu. Lakini ni maangavu, miti imeinamia, nami nilikaa humo hadi vidole vikakunjamana. Wapo wanaosema chemchemi hutibu kila ugonjwa. Maji ya moto hulegeza viungo na misuli, hilo ni kweli. Vidonge vya presha usiviache nyumbani. Wala usijitupe penye macho ya chemchemi ya moto kweli kweli. Kule Sempaya, Uganda, wageni huchemshia mayai.

Sasa, asiye na nauli afanye nini? Jumapili huwaona watoto wakipiga mbizi kwenye mashimo yaliyojaa maji na mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Wazazi, wakatazeni! Kingo hubomoka, kina hakijulikani, na tope la mwaloni lina zebaki. Ziwa Viktoria nalo lina kichocho, hasa penye majani ya ufukweni wanakokaa konokono. Aliyezoea kuoga huko akapime. Maji ya ziwa yakilazwa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho hufa.

Basi jaza pipa jeusi, lifunike, liache juani siku hizo mbili. Jua la Shinyanga tunalijua. Jioni ya pili utaoga maji yenye joto kuliko yale niliyoyafuata Hai.